Hongo ya Zabibu

Mwaka ule mlenda ulipikwa bila karanga. Mtu wa kwetu akisikia hivyo haulizi ni mwaka gani. Karanga zilitoa majani mazuri, zikatoa na maua, halafu mvua ikaondoka kama mgeni aliyeudhiwa, na tulipong'oa tukakuta maganda matupu. Ukitikisa, kimya. Uwele uliishia kimo cha mbuzi. Tukala ugali wa unga wa dukani, mweupe, laini, usiokaa tumboni, na mlenda wa magadi na chumvi uliokuwa unateleza wenyewe kama kamasi. Wajukuu zangu wa mjini walikuja wakasema, bibi, mbona umekonda. Nikawaambia sijakonda, nimepungua karanga.

Zabibu lakini hazikujali. Zabibu ni tunda linalopenda kuteswa kidogo. Mwaka wa mvua nyingi linavimba maji, linapasuka, linaoza likiwa bado kwenye kichala. Mwaka wa jua kali, ukilinywesha maji kidogo ya kisima, linakaza, linabaki dogo, na utamu wote unajificha ndani. Kwa hiyo mwaka uleule tuliokosa karanga ndio zabibu za Mkonze, hapa kwetu Dodoma, zilikuwa tamu kuliko miaka yote ninayoikumbuka. Na ndio mwaka nilioharibu kitu cha mwenzangu kwa mdomo wangu huu.

Nina shamba la zabibu nyeupe nyuma ya nyumba. Nguzo nilichimbia mwenyewe, waya nilivuta mwenyewe, na kwa zabibu hizo nimesomesha watoto wote, hata yule aliyekuwa hataki. Mimi shule niliiacha mapema, mwalimu akiwa bado ananipiga kwa sababu ya kuandika herufi zikitazama nyuma. Ila ulimi wangu unajua. Nipe zabibu nimefumba macho, nitakwambia imetoka kwenye udongo mwekundu au wa kichanga, imechumwa na umande au jua likiwa limeshachoma, mwenye shamba ametia samadi ya ng'ombe au ya kuku. Mnunuzi akija na gari Mkonze, naitwa kwanza. Nikisema hizi bado, gari linarudi tupu. Nimedanganya kwenye mambo mengine maishani, sitakataa. Kwenye tunda sijawahi kudanganya. Ndivyo nilivyokuwa najisifu.

Jirani yangu wa upande wa kisima ni Mnyamwezi. Aliletwa hapa na mumewe, Mnyamwezi mwenzake, fundi wa reli, akiwa bado msichana, nasi tumezeeka tukichungulia kwenye ua mmoja. Mimi Mgogo, yeye Mnyamwezi, maana yake sisi ni watani. Vijana wa siku hizi wanadhani utani ni kuchekeshana tu. Utani ni kazi. Mtani wako ukimkuta amevaa kitenge kipya unamwambia ameiba. Akipika, unasema chakula kimeungua, huku unaomba uongezewe. Ukimsifu mbele za watu, watu watadhani unaumwa.

Yeye ananiita ombaomba, kama Wagogo wote tunavyotaniwa. Kila nikibisha hodi, kabla sijafungua mdomo, anasema, "Leo unaomba nini?" Mimi namwita mpagazi. Zamani wazee wao walikuwa wanapita huku kwetu na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani, na wazee wetu waliwakalia njiani kwenye visima wakiwaambia, hapa hunywi, hapa hupiti, mpaka ulipe hongo. Nguo, shanga, jembe, chochote. Ilikuwa ushuru wa njia na maji, si wizi, ingawa ukimuuliza yeye atakwambia ulikuwa wizi.

Basi mimi niliendelea kudai. Kila mavuno ya zabibu zake, kabla hajauza hata kichala kimoja, nasimama kwenye ua nasema, "Mpagazi, hongo." Naye ananirushia kichala. Nakula palepale, nikiwa nimesimama, nikimtazama usoni, na kila mwaka nasema maneno yaleyale: "Hizi ni za kumpa mkwe unayetaka arudi kwao." Nasema huku mdomo umejaa. Nasema huku natafuna mpaka mbegu. Yeye anajibu, "Rudisha basi." Sirudishi.

Zabibu zake hazikuwa kama za mtu mwingine yeyote. Mumewe alipata vijiti vya kupanda kwa padri mmoja mzee, ndivyo alivyosema, na jina la mbegu hiyo hatukulijua. Punje ndogo, nyeusi inayoelekea bluu, ganda gumu, mbegu tatu au nne ndani. Ukiitazama huipendi. Ukiitia mdomoni kwanza inakukwaruza, halafu inafunguka, utamu mzito kama asali ya nyuki wadogo, na nyuma yake kuna uchachu mwembamba unaokufanya utake nyingine. Ukizikausha juu ya bati zinakaa mwaka mzima na haziingii mdudu. Maneno haya sikuwahi kumwambia. Ningemwambiaje, mtani wangu?

Mumewe alipofariki nilifanya kazi yangu kama inavyotakiwa. Jeneza lilipotoka nililala njiani kwenye kipito, kanga imefunika kichwa, nikasema mpagazi huyu hapiti Ugogo bila hongo. Waombolezaji wakacheka huku wanalia. Wakanitupia sarafu na soda, nikaamka nikawapisha. Mchana, baada ya mazishi, niliingia ndani alipokalia mkeka na wanawake wenzake. Hapo nilisahau utani. Nilimtazama macho yake yalivyovimba nikamwambia kwa sauti ndogo, "Pole, mtani."

Akainua kichwa. Akasema, "Pole ya Mgogo sipokei. Kaa chini ule."

Chumba kizima kilicheka, na yeye mwenyewe akacheka, mara ya kwanza tangu msiba uanze. Nikakaa nikala. Tangu hapo nilijua sisi hatuna haja ya pole.

Sasa nirudi kwenye mwaka wa karanga tupu. Alikuja bibi shamba mpya. Kwetu mtaalamu wa kilimo mwanaume ni bwana shamba, mwanamke ni bibi shamba, hata kama ana umri wa mjukuu wangu, na huyu alikuwa nao. Siku ya kwanza alinisalimia, "Shikamoo, bibi," nikamjibu, "Marahaba, bibi," akacheka mpaka akashika ukuta. Nikampenda. Alikuwa amesomea Uturuki. Alituambia kwamba huko matunda na karanga na lozi na tini wanazipima kama sisi tunavyopima watoto kliniki. Wanapima uzito wa punje, urefu wake, unene wa ganda, maji yake, sukari yake, uchachu wake, mafuta yake kama ni karanga au lozi. Kila mbegu ina habari zake, na mkulima anachagua ya kupanda kwa habari hizo, si kwa kusikia kwa jirani.

Alikuwa na kijidude kama kipande cha bomba. Unakamulia tone la zabibu kwenye kioo chake, unafunika, unaelekeza juani, unachungulia, na ndani kuna mstari unaokuonyesha sukari imefika wapi. Niliomba nichungulie. Nilichungulia nikaona mstari, na nikasema ulimi wangu hauhitaji mstari. Akasema, "Ni kweli, bibi. Ndiyo maana nitataka vyote viwili, kioo na ulimi."

Kikundi chetu cha zabibu kina kisima kimoja, na mwaka ule maji yalishuka mpaka kamba ya pampu ikaongezwa. Tulikaa kikao tukakubaliana wenyewe, bibi shamba hakutulazimisha: tuzionje zabibu zote za kikundi, pamoja na ile mpya isiyo na mbegu ya kutoka Uturuki aliyokuwa ameijaribu kwenye shamba lake upande wa Msalato kabla ya kuletwa kwetu. Zitakazopendwa ndizo zitakazopewa maji. Itakayoshika mkia itatolewa kwenye zamu ya maji, mwenyewe aing'oe apande nyingine. Mtani wangu alikubali. Alikuwa hana wasiwasi na zabibu zake. Mimi pia sikuwa nao.

Siku ya kuonja walifunga turubai kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa. Zabibu zilichambuliwa punje moja moja, zikawekwa kwenye sahani zilizofunikwa kwa kitambaa, kila sahani na herufi yake, ili mtu asijue ya nani ni ipi. Mbele ya kila sahani kulikuwa na makopo mawili. Moja limechorwa uso unaocheka, jingine uso ulionuna. Unaonja, unasukutua maji, unatumbukiza punje ya mahindi kwenye kopo unalotaka. Wenye kusoma na wasiosoma wote sawa. Tulipanga mstari, na bila mtu kusema neno wakanisukuma mbele.

Nikaonja ya kwanza, ilikuwa yangu mwenyewe, niliijua. Uso unaocheka. Ya pili ilikuwa ile ya Uturuki, tamu na laini, unameza bila kuhangaika na mbegu, tunda la mtu mwenye haraka. Uso unaocheka. Nikafika sahani ya tatu. Sharti lilikuwa kutia mkono chini ya kitambaa na kufumba macho mpaka umeze, kwa hiyo rangi sikuiona, lakini nilipotia mdomoni ganda likanikwaruza na utamu ukafunguka, na kabla sijafikiri chochote nilikuwa nimesimama kwenye ua wangu na kichala mkononi. Mdomo ukasema wenyewe, kwa sauti:

"Hizi ni za kumpa mkwe unayetaka arudi kwao."

Punje yangu ya mahindi ikalia ndani ya kopo la uso ulionuna. Nikageuka kumtafuta mtani wangu kwenye mstari, nimtolee ulimi. Alikuwa kule nyuma. Alinitolea ulimi na yeye.

Watu walicheka. Halafu mmoja baada ya mwingine wakaonja sahani ya tatu, wakanitazama mimi, wakatumbukiza nilipotumbukiza. Nilisikia yale mahindi yakidondoka. Nikisema sikuyasikia nitakuwa nadanganya. Niliyasikia, na nilijua, na sikurudi kwenye mstari kusema neno. Mtu mzima kama mimi, mwenye ulimi unaoaminiwa, nirudi nyuma niitoe punje yangu kwenye kopo? Niliona aibu. Nikaenda nikakaa kivulini nikanywa soda.

Makopo yalipomwagwa, sahani ya tatu ilishika mkia. Ya Uturuki ikawa ya kwanza na nyeupe yangu ikafuata. Bibi shamba alikuwa anakuna kichwa. Alisema, "Hii imenishangaza. Kwenye kioo ndiyo iliyokuwa na sukari kuliko zote, na uchachu wake umekaa vizuri. Lakini tunda ni la mdomo. Kama midomo haitaki, siwezi kubishana nayo."

Mtani wangu alikuwa amesimama karibu nami. Akasema polepole, "Mdomo mmoja tu haukutaka," halafu akaenda zake.

Zamu za maji zikapangwa upya wiki ileile. Maji yaliyokuwa yanakwenda kwake yakawa yanapita kwangu. Nilikuwa nafungua mfereji asubuhi nayatazama yanavyoingia kwenye mashina yangu, meusi, yananuka udongo, na mkono unataka kuyafunga na haufungi. Zabibu zangu zilinenepa. Zake zilianza kukunja majani kama mtu anayekunja ngumi.

Nikamfuata bibi shamba. Nilimkuta anaosha vikopo vyake. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, ile sahani ya tatu nilitania."

"Ulitania vipi, bibi?"

"Ile zabibu ni ya mtani wangu. Mtani hasifiwi."

Yeye kwao ni mbali, kwenye ziwa, utani wetu haujui. Alinisikiliza vizuri lakini, akafuta mikono. "Uliijuaje kuwa ni yake? Ilikuwa imefunikwa."

"Niliijua kwa kuonja."

"Kwa hiyo ulimi ulijua ni nzuri, ukasema mbaya."

"Ndiyo."

Akasema, "Mimi siwezi kubadilisha peke yangu, kikundi ndicho kilichoamua. Njoo kikaoni ukaseme hivi hivi. Ukisema wewe, watakubali kuonja tena."

Nililala vizuri siku ile. Nilijua nitasema, mambo yatanyooka, na mtani wangu atanitukana kama kawaida.

Kikaoni nilisimama. Katibu wetu ni mstaafu wa serikali aliyehamia Mkonze ofisi zilipohamia Dodoma, mtu safi, mwenye kupiga pasi hata kaptula. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani ili waone ni jambo zito. Nikasema, "Ndugu zangu, zile zabibu za sahani ya tatu ni za huyu mpagazi, na ni nzuri. Nazijua kuliko ninyi wote. Kila mwaka huwa ananipa hongo nakula."

Wagogo wenzangu walicheka. Katibu hakucheka. Aliweka kalamu chini. "Bibi, rudia hapo. Amekupa hongo?"

"Kila mavuno."

"Na leo unatuomba tubadilishe matokeo yake."

Hapo ndipo nilipoelewa. Neno ni lilelile, lakini kwake lilikuwa na maana ya magazetini: bahasha chini ya meza, mtu wa serikali na pingu. Nikaanza kueleza. Nikaeleza pembe za ndovu, nikaeleza wapagazi, visima, mazishi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwanamke anayejikanyaga. Wageni wengi wa kikundi, waliokuja na ofisi, walikuwa wanatazamana. Wazee wenyeji wakasema, "Katibu, huo ni utani wao," na katibu akajibu kwa heshima kwamba utani haupo kwenye katiba ya kikundi. Bibi shamba alijaribu kusema neno juu ya kile kioo chake, lakini ikawa kama anatetea rushwa naye, akakaa chini. Sikumlaumu. Ana kazi yake ya kulinda.

Katibu akamgeukia mtani wangu. "Mama, ni kweli ulikuwa unampa hongo?"

Angeweza kusema hapana. Angeweza kucheka, akasema huyu ombaomba amezeeka, kichwa kimeingia maji, na watu wangecheka naye na jambo lingeisha. Alisimama. Akaweka kanga sawa begani.

"Nilimpa," akasema. "Kila mwaka. Na mume wangu alimlipa hongo akiwa ndani ya jeneza."

Akatoka. Kura ya kuonja tena haikupigwa. Watu wakaanza kusema Mkonze nzima, mpaka Chimwaga kwa wanafunzi wanaonunua zabibu, kwamba yule Mnyamwezi alitaka kununua ulimi wa bibi na bado zabibu zake zikashindwa. Mimi jina langu halikuchafuka. Walisema bibi ni mkweli, alihongwa na bado akaonja kwa haki. Wakanipa heshima. Niliibeba heshima hiyo kama mtu aliyebeba kinyesi cha mtoto kwenye kanga, hajui pa kukitupa.

Siku kadhaa sikwenda kwake. Nilikuwa nasikia shoka upande wa pili wa ua, na nilijua linakata nini. Nilikuwa na kifuko cha karanga za mbegu, zilizobaki za mwaka uliotangulia, nilizozificha hata kwa wajukuu. Asubuhi moja nikazitia kwenye kanga nikavuka.

Shamba lilikuwa limefunguka. Waya ulining'inia juu ya mashimo. Mashina yalikuwa yamelundikwa karibu na jiko la nje, meusi, yamepinda kama mikono ya wazee, na mengine yalikuwa tayari chini ya sufuria yanaungua. Moshi wake ulikuwa mtamu. Yeye alikuwa anasonga ugali.

"Mbukwa, Mgogo," akasema kwa salamu yetu, bila kugeuka. "Leo unaomba nini?"

"Naomba vijiti," nikasema. "Nivipande kwangu. Nitavinywesha kwa zamu yangu."

Akaonyesha moto kwa mwiko. "Viko jikoni."

Nikatafuta kwenye lundo. Alikuwa amevikata vifupi vifupi, vyote, kama mtu anayejua jirani yake atakuja kutafuta. Jua lilikuwa limeshavikausha. Nilivunja kimoja, kikalia kama kijiti cha kiberiti, ndani hakuna kijani. Nikavunja kingine.

"Acha kuniharibia kuni," akasema.

Nikamwekea karanga juu ya jiwe, karibu na sufuria. Akazitazama. Alijua thamani yake mwaka ule. Hakuzigusa.

Nikasema, "Zabibu zako zilikuwa tamu. Kila mwaka zilikuwa tamu."

"Najua. Ulikuwa unameza mpaka mbegu."

Nilingoja acheke. Alipakua ugali kwenye sahani, akaugeuza, akaulainisha kwa mwiko uliolowa maji, taratibu, kama ndiyo kazi pekee iliyobaki duniani. Nikaona siwezi tena kumtania wala siwezi kuondoka. Nikasema lile nililojua kwamba halisemwi kati yetu. Nikasema, "Pole, mtani."

Akainua kichwa. Moshi ulikuwa umemuingia machoni, yamekuwa mekundu kama ile siku ya mkeka, nami nikautazama uso wake nikitafuta kile kicheko cha siku ile, nikakitafuta mdomoni, nikakitafuta kwenye mashavu, na mpaka leo ninaposimulia sijui kama kilikuwepo.

"Pole ya Mgogo sipokei. Kaa chini ule."